Mtema Lusonge Hakungoja

Maji yalifika Ifakara siku ya soko la samaki, ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la hindi. Kabla jua halijageuka, kila mtu alikuwa ameshasikia. Aliyeyaleta alikuwa mtu mwembamba kutoka upande wa mashariki, mwenye sauti ya upole kuliko watu walivyotarajia. Alisema kwamba anayeyanywa na kupakwa mwilini, risasi ya Mjerumani itamfikia ikiwa tone la maji tu. Masharti yake yalikuwa machache: mtu asilale na mwanamke mpaka vita viishe, asipore mali, asigeuke kutazama nyuma.

Mtema Mbalinga, mtawala wa bonde, hakuuliza swali hata moja. Aliinamisha kichwa akapakwa wa kwanza.

Ngwale aliyaona hayo akiwa amesimama na wanawake wenzake kando ya uzio wa matete, magamba ya samaki yakiwa bado yamemganda mikononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita hivi, mjane, mrefu, aliyepewa jina la kwale kwa sababu mama yake alimzaa shambani akifukuza ndege. Bonde zima lilimjua kwa sauti yake. Yeye ndiye aliyeimba kila mwaka kwenye tambiko la Mtema, na yeye ndiye aliyemlea Mbalinga tangu akiwa yatima wa miaka minane. Mbalinga alimwita dada. Kwa hiyo Ngwale aliposikia ngoma ya vita inawambwa, alijua mambo yaliyokuwa moyoni mwa Mbalinga kuliko wake zake walivyojua.

Sababu za vita za hivi karibuni kila mtu alikuwa nazo. Shamba la pamba lililowalia watu siku ishirini na nane kwa msimu. Akida na kiboko chake. Mwaka uliotangulia akida alimwamuru Mtema mwenyewe abebe kikapu cha pamba kichwani, mbele ya watu wake, kutoka shambani mpaka kwenye kibanda cha mizani. Mbalinga alikibeba. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akicheka.

Lakini ilikuwepo sababu nyingine, ya zamani kuliko pamba na kuliko Wajerumani wenyewe.

Miaka thelathini nyuma, Watu wa Milimani walishuka bondeni kuteka watu na ng'ombe. Baba yake Mbalinga, Mtema Lusonge, alifungwa kamba ya gome shingoni akapelekwa juu milimani, akafia huko. Hata maiti yake haikurudi. Kaburi lake kando ya mto Lumemo lilikuwa na kigoda chake tu ndani. Na kila mwaka, kwenye kaburi hilo lisilo na mtu, Ngwale aliimba jinsi ilivyokuwa:

*Mtema aliketi, moshi ukapanda ng'ambo.*
*Mtema akasema, tungoje, tungoje.*
*Kamba ya gome haikungoja.*

Mbalinga alikua na wimbo huo kama wengine wanavyokua na kovu usoni. Alipokalia kigoda, alilipiga marufuku neno hilo. Barazani kwake hakuna aliyethubutu kusema "tungoje." Mwaka wa nzige mzee mmoja lilimponyoka akishauri kuhusu mbegu; nyumba yake ilichomwa siku hiyohiyo, yeye na wajukuu wake wakafukuzwa ng'ambo ya mto. Tangu hapo wazee walijifunza kuzunguka. Walisema, "Mtema, tupumue kidogo," au, "Mtema, umande ukauke." Na vita vidogo vitatu alivyopigana Mbalinga na majirani zake, vyote alivianza yeye, kabla mjumbe wa upande wa pili hajamaliza kusema.

Wimbo huo ulikuwa wa uongo. Waliolijua hilo walikuwa watu wawili tu waliobaki hai, na mmoja wao alikuwa Ngwale.

*

Jioni ya siku ile mwana wa Ngwale alirudi kutoka Mahenge, miguu imejaa vumbi jekundu. Aliitwa Severini, jina alilopewa na mapadre wa misheni ya Kwiro alipobatizwa, baada ya kuwachongea mbao kwa miaka miwili. Bondeni watu walikuwa wakimwita kwa jina hilo huku wakibinua mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nimetoka kwa Mtema." Aliketi chini, akakataa maji. "Mama, nimeiona bombomu."

"Ndiyo nini?"

"Bunduki ya boma la Wajerumani. Askari wanaiita hivyo. Wameiweka juu ya mnara. Juzi waliijaribu kwa migomba kule mtoni. Mtu mmoja ameketi, anageuza tu hivi, na migomba inakatika kama mtu anafyeka. Migomba shamba zima, mama, kabla sijamaliza kusema Baba Yetu."

"Ukamwambia Mtema?"

"Nilimwambia. Nikamwambia boma halijapungukiwa chochote, wanajua tunakuja, wamefyeka majani pande zote." Severini alijipangusa vumbi miguuni. "Aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, 'Wewe unasema tungoje?'"

Ngwale alisogea karibu. "Ukajibu nini?"

"Mzee Ligoha alikuwa amesimama nyuma yake na rungu. Nilisema, hapana, Mtema, mimi nimesema nilichokiona. Basi akasema nitatangulia mbele, kwa kuwa naijua njia."

Ligoha. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa pili aliyejua kuwa wimbo ni wa uongo.

Ngwale hakupata usingizi wa maana. Asubuhi aliamka akaenda mtoni kujiosha, kwani jua likipanda kiasi cha mkono angehitajika kaburini. Mtema alikuwa ametangaza tambiko: wapiganaji wote wausikie wimbo wa Lusonge, halafu waondoke. Watu mia mbili na zaidi, mbali na wale wa vijiji vya jirani ambao wangekutana nao njiani. Vijana waliokuwa hawajazaliwa Lusonge alipofungwa kamba walikuwa wameshaanza kuuimba barabarani, wakipiga mikuki chini kwenye neno "tungoje," wakicheka kwa dharau.

Alijifunga nguo, akahesabu miaka. Alikuwa ameuimba wimbo ule mara thelathini.

*

Wapiganaji walikuwa wamezunguka kaburi, migongo yao ikimetameta maji na mafuta. Mtema Mbalinga alisimama kichwani pa kaburi, mtu wa mabega mapana, ndevu zimeanza mvi. Kulia kwake alikaa Mzee Ligoha, mshauri wake mkuu, mzee mkavu kama mti wa kuokea samaki, aliyekuwa jemadari wa Lusonge enzi za ujana wake. Pombe ilimwagwa. Mtema alimtazama Ngwale, akaashiria kwa kidevu.

Ngwale alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima. Akaanza.

"Mtema aliketi, moshi ukapanda ng'ambo..."

Sauti ikakatika. Watu walidhani amekohoa. Wakangoja.

"Endelea, mwanangu," Ligoha alisema taratibu.

"Siwezi."

"Umeugua?"

"Mtema hakuketi," Ngwale alisema. Alisema akiwa ametazama udongo wa kaburi, kwa sababu angeinua macho asingemaliza. "Mtema Lusonge hakungoja. Nilikuwepo. Nilikuwa juu ya uchanja wa samaki kule kivukoni, kwenye mto mkubwa, nimejifunika mkeka. Nilimwona anatoka kabla umande haujakauka, na watu arobaini, kwa sababu aliambiwa adui ni wachache na wote wako upande wa matete. Wale wa matete walikuwa chambo tu. Wenzao walivuka pale kivukoni, ambapo hakuachwa hata mtu mmoja. Walimpiga kwa nyuma. Mama yangu alichukuliwa pale. Kaka yangu alichukuliwa pale."

Hakuna mkuki uliogonga chini. Mtoto alilia mahali fulani, akanyamazishwa.

"Mwanamke huyu ana homa," Ligoha alisema, akisimama.

"Nani alimwambia adui ni wachache?" Mtema aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Ngwale aliinua macho sasa. "Muulize aliyekuja kwangu siku ya nne baada ya shambulio akasema, una sauti nzuri, imba hivi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Mtema. Nilikuwa na njaa. Alinipa nyumba na chakula, nami nikaimba alivyotaka. Niliona marehemu hasikii. Sikujua kama wewe unasikia."

Macho yote yalihamia kwa Ligoha. Rungu lilikuwa mkononi mwake, na kwa kitambo Ngwale alidhani litamshukia utosini.

Mtema Mbalinga alikuja akachuchumaa mbele ya Ngwale, hata magoti yao yakakaribia kugusana. Alimtazama kama mtoto anayetaka kusimuliwa tena.

"Alitoka?"

"Alitoka, Mtema."

"Mkuki mkononi?"

"Mkuki mkononi. Alivuka shamba la mpunga akikimbia. Alianguka mara moja, akainuka."

Uso wa Mbalinga ulianza kutikisika. Ngwale alidhani ni hasira, kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka humohumo kwenye kicheko. Alisimama akawageukia watu.

"Mmesikia? Miaka thelathini nimemwonea haya baba yangu! Miaka thelathini namwagia pombe mtu niliyedhani ni mwoga! Kumbe alitoka! Alikuwa na watu arobaini akatoka!"

Wapiganaji walipiga kelele iliyorusha ndege wote wa Lumemo.

"Mtema," Ngwale alisema, akishika ukingo wa nguo yake, "sikukuambia hivyo ili uende. Alitoka, ndiyo maana alikufa."

"Baba alitoka, halafu mimi niketi?"

Hapo Ngwale alielewa. Angeimba uongo, vita. Angesema kweli, vita. Yule mtu alikuwa ameshafunga safari tangu siku ya kikapu cha pamba, na mambo ya zamani kwake yalikuwa kama mkongojo: mtu huuelekeza upande anaokwenda. Alitaka kulia, lakini hapakuwa na nafasi ya kulia. Vijana walikuwa wameshaanza kujipanga, na mwanawe alikuwa mstari wa mbele, msalaba mdogo wa mti umefichwa ndani ya nguo.

"Basi usikosee alipokosea," alisema. "Alikiacha kivuko wazi."

Mtema aligeuka.

"Niachie mitumbwi," Ngwale aliendelea haraka. "Ikishawavusha ninyi, yote irudi kwangu, na wazee wanaojua pondo. Wanawake na watoto tuwapeleke na chakula visiwani, kwenye matete. Nitakaa kivukoni mwenyewe."

"Kuhamisha watu ni kutabiri kushindwa," Ligoha alisema.

Mbalinga alimtazama mshauri wake kwa muda mrefu. Hakuna aliyejua kilichopita kati yao. "Mpeni mitumbwi," alisema mwishowe. "Na wewe Mzee Ligoha utabaki hapa. Nikirudi tutazungumza."

*

Mitumbwi ilikuwa kumi na minne. Siku nzima ilivusha wapiganaji kwenda ng'ambo ya kusini, njia ya Mahenge, na siku ya pili ikaanza kubeba vikapu vya mpunga, kuku, mawe ya kusagia, vikongwe. Ngwale alisimama ndani ya maji mpaka mapajani, akipokea na kupakia. Wengine walikuja kwa hiari, wengine aliwatukana mpaka wakaja. Jirani yake Mama Lihawa, ambaye wanawe wawili walikuwa wamekwenda, alikataa kabisa.

"Wanangu wakirudi watanikuta wapi?"

"Watakukuta hai, mama."

"Wewe umekwisha kuwazika," Mama Lihawa alisema. Hata hivyo alipanda.

Kisha ikawa kukaa tu na kutazama njia. Siku ya tatu, hakuna kitu. Siku ya nne, mchana, baadhi ya watu walisema wamesikia kitu kama mtama unaomwagika juu ya ngozi kavu, mbali sana upande wa milima ya Mahenge. Wengine walisema ni sikio tu, kwa umbali ule hakuna kinachosikika. Mzee Ligoha alikuja kivukoni kila asubuhi, akaketi juu ya kigoda chake mbali kidogo na Ngwale.

Siku ya sita walitokea. Kwanza mtu mmoja, halafu watatu, halafu kundi. Walitembea bila kuimba, na walipofika majini hawakusubiri mitumbwi, wengine walijitosa. Ngwale aliwavusha bila kuuliza. Aliyauliza macho yao tu, na macho yao yalikwepa. Ndipo alipomwona Severini amebebwa mgongoni na kijana mwingine, paja limefungwa majani, damu imekauka hadi kwenye kisigino.

"Ni mfupa?" aliuliza.

"Nyama tu," Severini alisema. Midomo yake ilikuwa nyeupe. "Mama, walikuwa wanakimbia wanaimba. Bombomu ilianza kukohoa upande mmoja, ikawa inakuja huku kwetu, na watu wanalala. Wale wa nyuma walidhani wenzao wamejificha, wakawaruka."

Walipofika ng'ambo ya Ifakara, watu waliobaki walikuwa hawazidi themanini. Mtema Mbalinga alivuka wa mwisho, mkono wa kushoto umefungwa gome. Alishuka mtumbwini kama mtu mzee.

Ligoha alikuwa amesimama ukingoni na kata ya maji, maneno tayari mdomoni.

"Pole, Mtema wangu. Kunywa." Akageuka ili wote wasikie. "Dawa haikosei. Wenzetu wa mashariki dawa imewafaa. Kuna aliyeichafua." Akamnyooshea Severini kidole pale alipolazwa. "Huyu alikuwa na maji mengine kichwani kabla ya haya. Alimwagiwa na Wazungu kule Kwiro. Maji mawili hayakai kichwa kimoja! Na mlimweka mbele, akawaongoza wote kwenye laana yake!"

Ngwale alisikia mnong'ono unapita kati ya watu kama moto unavyonusa majani makavu. Walikuwa wamepoteza kaka, wana, marafiki, na hawakuwa na mtu wa kumdai. Sasa walipewa mtu. Mpiganaji mmoja alisogea. Wa pili akasogea. Mmoja alichomoa mkuki uliokuwa umechomekwa kwenye mchanga.

Ngwale alisimama juu ya mwanawe, mguu huku na mguu huku, pondo mkononi. Alijua kwamba ataweza kumpiga mmoja, labda wawili.

"Mtema, toa neno moja tu," Ligoha alisema.

Mbalinga alikuwa bado ameishika ile kata aliyopewa. Aliyamwaga maji taratibu chini.

"Mzee," alisema, "baba yangu alipofungwa, ulichukua siku nne kutunga wimbo."

"Mtema?"

"Safari hii hata damu hukuiacha ikauke."

Ligoha alirudi nyuma hatua moja. Mtema aliwageukia watu wake. "Rudisheni mikuki. Kijana huyu aliniambia habari za bombomu. Aliniambia yote, na mnara, na majani yaliyofyekwa. Mimi nilimwuliza kama anasema tungoje. Mnanisikia? Hakuna aliyechafua kitu. Niliyewapeleka ni mimi."

Watu walisimama kama ng'ombe waliopotezwa na mchungaji. Hawakuwahi kumsikia Mtema akisema hivyo, na wengi wao hawakupenda kumsikia. Afadhali laana kuliko hilo. Lakini mikuki ilishuka, mmoja baada ya mwingine. Ligoha aliondoka kwa miguu akifuata ukingo, na kwa kuwa hakuna aliyeamriwa kumshika, hakuna aliyemshika.

Ngwale alimwomba Mtema apande mtumbwini waende visiwani.

"Hapana, dada. Wakinikosa mimi, watawatafuta ninyi mpaka kwenye matete." Aliketi juu ya gogo. Kisha akasema, "Ungeniambia zamani."

"Ningekuambia zamani ungeniamini?"

Alifikiri. "Hapana. Ningekuua," alijibu, kama mtu anayetaja kwamba mvua itachelewa.

Ngwale alimwosha jeraha la mkono, akamfunga upya, kama alivyomfunga magoti alipokuwa mtoto. Kisha akamwacha akiwa ameketi mbele ya nyumba yake, mlango wazi, akingoja.

*

Askari walifika wiki ya pili, wakitokea upande wa Iringa, na nyuma yao walikuwepo Watu wa Milimani, mamia, na mikuki yao na nyimbo zao. Kutoka kwenye matete ya kisiwani Ngwale aliona moshi wa ghala baada ya ghala. Waliosalia vijijini walichukuliwa. Mtema Mbalinga walimkuta palepale, hakupigana. Alinyongwa Mahenge pamoja na wengine, na habari zake zililetwa na mwanamke aliyetumwa kuuza mihogo bomani.

Visiwani waliishi watu mia tatu. Mpunga ulikwisha baada ya miezi mitatu. Walikula samaki, halafu mizizi ya yungiyungi, halafu mizizi ambayo hawakuijua, na baadhi yao mizizi hiyo iliwaua. Lakini wengi wao waliiona mvua ya kwanza, jambo ambalo vijiji vya bara havikulipata.

Na mvua hiyo ya kwanza ilimleta Ligoha. Alikuja kwa mtumbwi, amevaa koti la kaki lisilomtosha, na bendera ndogo imefungwa kwenye fimbo. Alikuwa jumbe wa Wajerumani sasa. Askari wawili walibaki ng'ambo, wakiogopa mamba.

"Vita vimekwisha," aliwatangazia. "Rudini mlime. Kila mwanamume alete mkuki wake, afanye kazi ya barabara. Na bwana mkubwa anataka kujua mambo yalivyokuwa. Mwambieni kweli: mimi Ligoha nilisema tungoje, Mtema akakataa." Akamtazama Ngwale. "Wewe una sauti nzuri, mwanangu. Utaimba bomani."

Severini, aliyekuwa ameegemea fimbo kwa sababu mguu wake haukunyooka tena, alitaka kusogea. Mama yake alimzuia kwa mkono.

"Siimbi tena," Ngwale alisema. "Lakini nitasema, hapahapa, nawe ukae usikie."

Akasema. Aliwaambia juu ya uchanja wa samaki, na kivuko, na siku ya nne, na kigoda ndani ya kaburi. Alimtaja Ligoha kwa jina, kwa uongo wa wimbo na kwa uongo wa laana. Alipofika kwake mwenyewe hakujifunika. Alisema kwamba uongo ule aliuimba mara thelathini, na kwamba vijana waliokwenda Mahenge walikwenda na sauti yake masikioni.

Ligoha hakumaliza kusikiliza. Alipanda mtumbwi wake, na hakuna aliyemsaidia kuusukuma. Ilimbidi ashuke tena majini na koti lake.

Mama Lihawa alisimama kutoka kwenye kundi la wanawake. Wanawe wote wawili walikuwa wamebaki kule chini ya mnara. Alimsogelea Ngwale, akatema mate miguuni pake.

"Wewe uliimba," alisema. "Wanangu wakaenda."

Ngwale hakuyafuta. "Ndiyo, mama," alisema.

Walirudi Ifakara siku zilizofuata, mtumbwi baada ya mtumbwi, kwa sababu mvua haijali nani amemkosea nani na mpunga lazima uingie ardhini. Mbegu zilikuwa haba: kila kaya ilipata konzi mbili. Ngwale na Severini walilima kipande kilichopakana na cha Mama Lihawa. Asubuhi Ngwale alimwamkia, na Mama Lihawa aliinama juu ya jembe lake bila kuitika. Ilikuwa hivyo msimu ule, na msimu uliofuata. Severini alimshauri mama yake aache. Ngwale alisema atamwamkia kesho vilevile, akashika jembe, akaendelea na mstari wake hadi kwenye mpaka.